Medali ya Babu na Mtu Uchi Juu ya Farasi

Jumapili, 3 Mei 2015. Louisville.

Leo Mungu amenikumbuka. Natoka kanisani, nakuta mzee wa kizungu ameanika vitu vyake mbele ya nyumba, anauza. Sufuria, viatu, redio — na medali! Ya fedha, nzito, utepe una rangi ya chungwa katikati. Anasema ni ya vita vya kwanza vya dunia, ya askari wa miguu Mwingereza. Ina pia karatasi ya mahali pote huyo askari alipopigana. Kiingereza kirefu, lakini macho yangu yakadaka maneno mawili: Tanga. Kilimanjaro. Mimi Mrundi niliyekulia makambini Tanzania! Hii ni mali ya kwetu, ilipotea njia tu. Nikampa saa yangu. Imekufa tangu Krismasi, lakini hakuuliza.

Tatizo moja. Upande huu, kichwa cha mfalme. Upande wa pili, mtu juu ya farasi — uchi wa mnyama!

Jumatano, 6 Mei. Louisville.

Nimeitoa kazini, kule ghalani, wakati wa chakula. Wakauliza ya nani. Nilitaka kusema nimeipata barabarani. Naapa nilitaka! Mdomo ukasema: ya babu yangu, Mrundi pekee katika jeshi la Mwingereza. Kengele inalia, babu ameshapanda Kilimanjaro, bunduki mgongoni, kapteni mgonjwa amembeba kifuani. Delfina, msimamizi wetu, akauliza huyu uchi ni nani. Nikasema nguo ziliungulia vitani. Akaacha kutafuna.

Jumamosi, 16 Mei. Columbus.

Niko kwa dada yangu Agata. Kikao cha ukoo. Mwanawe Zabroni anataka kumwoa Isaro, binti wa mzee Gatsinzi wa Buffalo, Wanyamulenge wa Kongo. Baba yake Zabroni alifia kambini, baba zake wadogo wamebaki hukohuko. Basi msemaji wa kwenda kuposa ni nani? Mimi Zenoni! Wengine walinong'ona eti naongeza chumvi. Kwani nani anakula bila chumvi? Nikaweka medali mezani. Wakaanza kuipokezana. Agata akaitazama, akanitazama mimi, akaenda jikoni.

Zabroni alinisindikiza hadi kwenye gari. Anasema mzee Gatsinzi alishamkataa kijana mmoja kwa uongo wa msemaji wake. Hakukuwa na posa ya pili. "Mjomba, nyoosha tu maneno. Mara hii moja." Nikamwambia nitayanyoosha mpaka yakatike. Hakucheka.

Ijumaa, 22 Mei. Kenmore.

Tumefikia kwa Kostansia, rafiki wa Agata, nje kidogo ya Buffalo. Njia nzima nilifanya mazoezi kwa sauti, Agata akaongeza redio. Kostansia anasema msemaji wa upande wa binti ni mzee Gakwaya. Mdomo wake panga! Safi. Panga kwa panga.

Medali nimeisugua kwa dawa ya meno. Mfalme anang'aa. Yule uchi naye anang'aa, tena kuliko inavyofaa. Kesho mfalme atakaa mbele.

Jumamosi, 23 Mei. Buffalo, Lower West Side.

Naandika nimekaa juu ya choo cha watu. Mlango nimefunga.

Ilianza vizuri mno! Gakwaya akatoa yale ya desturi: ninyi hatuwajui, binti hapa hayupo, labda mmekosea nyumba. Watu wanacheka, Fanta zinafunguliwa. Nikasimama na medali kifuani. Nikampandisha babu Kilimanjaro. Makofi! Kapteni nikamfanya jenerali. Vigelegele! Hata mzee Gatsinzi aliitikia kwa kichwa.

Gakwaya akaomba aishike. Nikaibandua, nikampa, mjinga mimi. Hakuangalia mfalme. Hata yule uchi hakumwangalia! Akaigeuza ubavu, akavaa miwani, akasoma ukingo. Kumbe anaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mmoja wao, Mkanada, alimfundisha: medali hizi ukingoni zina namba, cheo, jina la mwenyewe na kikosi chake. Wiki tatu nasugua nyuso, ukingo sijautupia jicho!

"Bon," akasema polepole, na Kifaransa chake cha Kongo, "babu yako aliitwa nani? Utuambie tu jina. Donc likifanana na hili, binti tunamleta sasa hivi."

Akanirudishia, anatabasamu. Watu wanacheka, wanadhani bado ni mchezo wa posa. Gatsinzi hacheki. Nikashika tumbo, nikaomba choo.

Nimesoma. Cheo Private, jina A. Holroyd. Sasa — hilo haliwezi kuwa jina la ubatizo? Mapadri waligawa majina ya ajabu kuliko hilo! Naweza. Dakika mbili tu, na Kilimanjaro inasimama tena.

Agata amegonga. Anasema chinichini: "Kaka, babu ulimwona. Bega lake uliliona."

Nililiona. La kulia lilikuwa limeshuka, kama mlango uliolegea bawaba. Alibeba masanduku ya risasi ya Wazungu, kwa miguu, kutoka Urundi mpaka Tabora. Walitoka mlimani kwetu kumi na mmoja, wakarudi wawili. Hakupewa medali. Hata kifungo. Habari hiyo sijawahi kuisimulia popote. Nani atampigia makofi mbeba sanduku?

Na Gatsinzi je? Nikisema bega, nimekiri kwamba Kilimanjaro niliitunga. Nikisema Holroyd, Gakwaya ana miwani: ameshaona ni jina la Mzungu.

Sasa ni Zabroni. "Anko, plizi." Sebuleni Gakwaya amewaanzishia wimbo wa kunisubiri, wako ubeti wa tatu. Isaro yuko chumba cha pili, ukuta tu kati yetu. Alikuwa anacheka na wenzake.

Nimefungua maji wadhani nanawa. Medali nimeiweka juu ya tangi la choo, karibu na sabuni. Mara mbili nimeirudisha mfukoni, mara mbili nimeitoa. Wimbo umekoma. Iko pale kwenye sabuni, mimi niko mlangoni na bega la babu tu — lakini mdomo wangu naujua mimi, haujawahi kuniomba ruhusa.