Hukumu Aliyoisoma Babu Kuanzia Mwisho

Marl Creek,
Jumamosi, 16 Novemba.

Mpendwa Shangazi Lorene,

Leo nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo Babu ameniomba niyaruke. Lakini kwanza, hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Alaska? Kiwandani bado wanakupa zamu za alfajiri? Sisi ni wazima, ila magoti ya Babu yamezidi, na daktari amemkataza kabisa kuendesha gari, hata kukaa garini safari ndefu. Mahindi yameshavunwa. Mashamba yamebaki wazi, na dirishani kwangu hakuna cha kutazama.

Shangazi, Mahakama ya Rufani imetoa hukumu ya Baba, katika ile kesi ya kuchoma ghala.

Ilitolewa Jumanne asubuhi kwenye mtandao, nami nilikuwa shuleni. Babu aliifungua peke yake, na unamjua anavyosoma: gazeti huanzia ukurasa wa nyuma, kwenye michezo. Basi hata hukumu akaianzia mwisho. Pale mwisho jaji ameandika kwamba shahidi aliyemwona Baba mbali na ghala wakati linaungua alipaswa kusikilizwa, na kwamba Baba anastahili kesi mpya.

Niliporudi nilimkuta Babu amevaa tai. Jirani yetu, Bi. Kucera, alikuwa ameleta bakuli la viazi na nyama, bado linatoa mvuke.

"Ingia, mama, ingia!" Babu akasema. "Baba yako atakula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani na sisi!"

"Orville, hiyo tai itakunyonga," Bi. Kucera akamtania. "Tangu harusi yako hujaivaa."

"Na wewe ulilia siku ile. Mpaka leo hujapona!"

Nilicheka nao. Kisha nikaketi kuisoma kuanzia mwanzo, kama mwalimu wetu wa uraia alivyotufundisha. Majaji walikuwa watatu. Wawili wamekubali kwamba shahidi alinyimwa nafasi kimakosa, lakini wakasema hata angesikilizwa, wale raia kumi na wawili wa baraza lililoamua kesi wangemtia Baba hatiani vilevile. Kifungo kinabaki. Maneno aliyoyasoma Babu ni ya jaji wa tatu, aliyepingana na wenzake, na maoni ya namna hiyo huwekwa nyuma.

Ilibidi niseme mimi.

"Babu, huyu ni mmoja tu."

"Mmoja nini?"

"Wenzake wawili wamekataa."

Alifungua tai polepole, akaikunja. Bi. Kucera akasema, "Haya, tuleni. Chakula hakina kesi." Tukakila kama chakula cha msiba.

Tangu siku hiyo Babu hataki kusikia habari za kesi. Profesa mmoja wa sheria alisema redioni kwamba maoni ya jaji mmoja yanaweza siku moja kukubaliwa na mahakama ya juu, na wakili wetu anapeleka ombi huko. Babu akazima redio kabla profesa hajamaliza. Shuleni wenzangu wananikwepa kwa upole, nami nakula chakula cha mchana maktabani.

Nimeyanakili maneno ya jaji wa tatu kwa mkono: "Hatukuketi na raia wale. Hatuwezi kufikiri kwa niaba yao." Nataka kumsomea Baba mwenyewe, nimtazame usoni. Lakini gereza haliruhusu mtoto aingie bila ndugu mtu mzima. Bi. Kucera alijaribu kunipeleka, akarudishwa kwa kuwa si wa ukoo wetu.

Najua hujamwona Baba tangu kesi ilipokwisha. Sijui mlikosana nini, wala siulizi. Ila jambo ambalo Babu hakutaka nikuandikie ni hili: Jumanne ile, kabla sijarudi, alikuwa ameandaa sahani nne mezani. Moja ya Baba, na moja yako.

Nisalimie mumeo Ansel na binamu yangu mdogo Petra. Bi. Kucera anakusalimu, anasema uvae soksi za sufu. Mungu akulinde na barafu ya huko.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye hata kwa mbali,
Greta

Nijibu hilihili moja, hata kwa kadi ya posta: utakuja unipeleke kwa Baba?