Mawe ya Sangailu

Garissa,
9 Novemba 1998

Kwa dada yangu mpendwa Hawo,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na hooyo, mama yetu, pamoja na mbuzi waliobaki. Mimi sijambo, ila kichwa ndicho bado kinanisumbua. Nakuandikia Kiswahili makusudi, ili hata mtu akimsomea hooyo asielewe.

Ile homa ya mvua za mwaka jana, iliyomchukua kaka yetu Noordin kisha ikaniangusha mimi, imeniharibia kitu kimoja tu: njia. Majina nayajua, nyuso nazijua, lakini nikitoka msikitini sijui nishike kushoto au kulia. Mimi Hirsi, niliyepeleka ngamia hadi Bute bila kuuliza mtu! Wallahi ni aibu.

Hapa hospitalini kuna daktari mgeni, mama mpole, aliyeleta kompyuta na kofia nzito inayofunika macho. Ukiivaa unajikuta ndani ya nyumba. Ukigeuza shingo unaona upande mwingine. Ukinyoosha mkono unashika hewa. Kazi yangu ni kutafuta chumba chenye ndoo nyekundu, eti ubongo ujifunze njia upya. Siku ya kwanza nilimuuliza humo ndani kibla ni upande gani. Aliandika tu kwenye daftari. Sasa dada, nyumba isiyo na jua wala upepo wala kibla, mtu ataijuaje? Lakini mwezi huu wa pili wa mazoezi ndoo naipata! Nyumba ambayo haipo naijua, na chooni bado napelekwa. Nieleze wewe uliyesoma, maana mimi nimechanganyikiwa kabisa.

Juzi daktari aliniambia, kupitia kwa mkalimani, kwamba nikipotea huwa sisemi nimepotea. Nafungua mlango wowote upesi, kama mtu anayejua, na chumba kinakuwa kitupu. Akauliza kama hata nyumbani hufanya hivyo. Nilicheka, kisha nikalia mbele ya watu.

Hawo, umeniandikia kwamba mjomba amenunua saruji ya kuzungushia kaburi la Noordin, na hooyo anataka kuhamishia kibanda chake karibu nalo. Msijenge. Nilimzika peke yangu, nikamlaza kuelekea kibla, hilo nalikumbuka. Mahali ndipo sipakumbuki. Homa ilipopoa mkanirudisha kule malishoni Sangailu niwaonyeshe kaburi, nyote mlinitazama, na hooyo alinishika mkono. Nikaonyesha rundo la mawe lililokuwa mbele yangu. Tangu siku ile anayaombea dua, nami nimenyamaza. Nisamehe, dada.

Mjomba msalimie sana, na watoto wote. Hooyo mwambie nakula vizuri. Habari ya mawe usimwambie wewe. Njoo Garissa unichukue, unishike mkono hadi mlangoni kwake, nimwambie mwenyewe. Peke yangu sitafika.

Ni mimi ndugu yako,
Hirsi