Bima Yetu Bado Inalinda Vyumba Vitupu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na unisamehe kwa mwandiko, kwa sababu barua hii nimeshaiandika kwa penseli mara tatu na mara zote nikaifuta pale kosa langu linapoanzia, kwa hiyo sasa natumia kalamu ili nisiweze kurudi nyuma. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, na ni mtu wa aibu, si aibu ya kujifanya, ni ile ya mtu ambaye mwalimu akimwita tu masikio yanawaka moto. Tafadhali jina langu lisitoke.

Mama yangu ni fundi cherehani. Baba ni dereva wa malori ya safari ndefu, tunamwona mwisho wa mwezi. Kwa miaka kumi na moja tulipanga nyumba moja ya vyumba vitatu karibu na kinyozi, na sijui nikuelezeje nyumba ile, maana ukiipita barabarani ni nyumba tu, bati na mlango wa kijani. Lakini mama hakuwa na daftari la vipimo. Vipimo vya wateja aliviandika kwa penseli ukutani, nyuma ya mlango wa chumba cha mbele, kifua, kiuno, urefu wa mkono, na badala ya majina aliweka anavyowajua mwenyewe, Mwalimu Mrefu, Dada wa Duka la Dawa, Bwana Harusi wa Pili. Tarakimu nilijifunza pale kabla sijaanza shule. Mtaa mzima nimeuona ukirefuka na kunenepa ukutani. Kinyozi alianza na kiuno cha thelathini na mbili, kikakatwa kikawa thelathini na sita, kikakatwa tena kikawa arobaini, na kila akipimwa analalamika, "Mama Fundi, tepu yako imesinyaa," na mama anamjibu huku pini ziko mdomoni, "Tepu haijala kitu tangu asubuhi, mimi nakushuku wewe." Mimi nilikuwa nafanyia kazi zangu za shule sakafuni, karibu na miguu yake, na mpaka leo nikisoma mahali pasipo na mlio wa cherehani naona kama maneno hayaingii.

Nyumbani wananiita Waziri wa Barua. Kiswahili mama anakisoma kunishinda, mashairi ya gazetini anayasoma kwa sauti mpaka majirani wanaitikia, lakini mimi nasoma shule ya lugha mbili, kwa hiyo karatasi ya Kiingereza ikiingia ndani, iwe ya umeme, ya shule au ya hospitali, naitwa, "Waziri, njoo, wakubwa wameandika." Nasoma kwanza Kiingereza chenyewe, kwa sababu anapenda kusikia, halafu namweleza.

Miaka mitatu iliyopita nyumba ya jirani iliungua akabaki na nguo alizovaa, na baba aliporudi safari akakata bima ya vitu vya ndani. Alisema nyumba ni ya mwenye nyumba na ataijenga tena akitaka, lakini hakuna mwenye nyumba atakayemnunulia mpangaji hata kijiko. Mimi ndiye niliyeandika orodha ya vitu vyetu. Cha kwanza kilikuwa cherehani ya mama.

Sasa mwaka huu mwenye nyumba akasema anamtaka mwanawe aoe na kukaa pale, kwa hiyo tuhame, na hakusema kwa ubaya, hata alileta sukari. Tukapata nyumba nyingine. Baba alipowauliza utaratibu, watu wa bima wakatuma barua na fomu, nikamsomea mama neno kwa neno: bima inafuata anwani, mpangaji akitaka kuhama awajulishe kabla, aandike anwani ya zamani, anwani mpya na tarehe ya kuhama, wakishakubali vitu vinalindwa njiani na huko viendako. Mama akasema, "Basi jaza, Waziri, uwapelekee. Si ofisi yao iko jirani na shule yenu?"

Nikakaa mezani. Anwani ya zamani niliiandika vizuri sana, mshauri, herufi zimelala kama zimepigwa pasi. Nilipofika kwenye anwani mpya mkono ukagoma. Sikusahau, naomba uniamini, anwani nilikuwa naijua. Niliona tu kwamba nikiiandika ndiyo tumehama kweli, na fomu ikikaa hivyo nyumba bado ni yetu. Nikaiweka katikati ya daftari la jiografia. Kesho yake nikasema nitaijaza kesho, halafu nikafikiria lile dirisha la kioo la ofisini kwao lenye tundu dogo, ambapo lazima useme kwa sauti na watu wako nyuma yako kwenye foleni, nikasema kesho kutwa. Mama akaniuliza, "Ile karatasi umepeleka?" Nikasema, "Nimepeleka." Lilitoka jepesi kama "nimekula."

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi. Hata hatujamaliza kutoa vitanda, fundi wa rangi wa mwenye nyumba alishaanza chumba cha mbele, na brashi yake ikafika nyuma ya mlango. Nilitaka kumwambia asubiri, nikaishia kumpisha. Mama akasema, "Mwache. Vile ni vya zamani, siku hizi hakuna aliyebaki na kiuno chake," akacheka, ila alisimama pale mpaka kinyozi na Mwalimu Mrefu na Bwana Harusi wote wakawa weupe.

Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyetuhamisha kwa pikapu yake. Cherehani ikapandishwa mwisho, nyuma kabisa, kwa sababu mama alitaka itangulie kushuka, alisema kwenye nyumba mpya kazi ndiyo iingie kwanza. Tulipokata kona ya kuingilia mtaa mpya kuna tuta, kamba ikalegea, cherehani ikaanguka. Meza ilipona lakini kichwa kile cha chuma kilipasuka shingoni, vipande viwili. Mjomba alijishika kichwa, akawa anasema, "Dada, nisamehe, dada, nisamehe." Mama akashuka, akaokota gurudumu lililokuwa linaviringika kuelekea mtaroni, akaniona nalia. Akanifuta uso kwa kanga yake. "Usilie, mwanangu. Ndiyo maana tuna bima."

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Mama ana sare za shule za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, na anashona pindo kwa mkono, amekaa kitandani. Jirani wa huku, mama mmoja mpole sana, alimwambia ana cherehani haitumii, achukue. Mama akakataa. "Ahsante dada, nisikusumbue, baba yao akirudi tunakwenda bima." Anamsubiri baba kwa sababu mkataba una jina lake, na bado wiki mbili. Na kila siku ananiuliza "ufa" kwa Kiingereza wanasemaje, anarudia polepole, ili akifika kwenye lile dirisha aseme mwenyewe nisipate shida, kwa kuwa anajua nina aibu.

Nyumba mpya ni nzuri, maji yanatoka ndani. Lakini kwa upande wa bima nadhani huku hatupo. Nadhani bado inalinda vyumba vitatu vitupu vyenye rangi mbichi.

Fomu bado ninayo. Mahali pa tarehe pako wazi. Naweza kuandika tarehe ya wiki moja kabla ya kuhama, nikaipenyeza chini ya mlango wa ofisi, na wakiuliza niseme wao ndio walioipoteza. Nani atajua? Karatasi zote za Kiingereza nazisoma mimi. Je, nifanye hivyo ili mama apate cherehani, au nimwambie, na kama ni kumwambia, naanzaje? Naomba unijibu humu gazetini, mama hulinunua kila Jumatano kwa ajili ya kukatia vielelezo vya nguo, ingawa hulisoma kwanza.

Ni mimi,
Waziri asiye na wizara

MSHAURI ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Futa machozi, kisha kaa vizuri, maana nitakubembeleza kidogo halafu nitakufinya.

Kuipenda nyumba si kosa. Mimi nimehama mara saba, na mpaka leo nikiingia chumbani mkono wangu unatafuta swichi ya taa upande wa kushoto, ilipokuwa katika nyumba ya tatu. Kwa hiyo sikugombezi kwa mkono uliogoma mbele ya anwani mpya. Nakugombeza kwa neno moja ulilosema baadaye: "Nimepeleka." Fomu ile ilikuwa majonzi tu, na majonzi yana dawa. Neno lile ndilo linalomfanya mama yako leo akatae cherehani ya jirani na kujichoma sindano kitandani.

Kuhusu tarehe ya nyuma, usithubutu. Mkataba una jina la baba yako, si lako, na ukigundulika uongo huo atakayeitwa mwongo ni yeye aliyekata bima ili mlale salama. Na yule karani unayetaka kumsingizia kwamba kapoteza karatasi, naye ni mtoto wa mtu na kazi anaihitaji.

Halafu umeshajihukumu kabla ya kesi. Mimi si kampuni ya bima na siwezi kukuahidi watalipa. Mikataba haifanani. Upo unaompa mpangaji siku kadhaa baada ya kuhama za kutoa taarifa, upo unaolinda vitu njiani ikiwa tu vimebebwa na wasafirishaji wanaowatambua, na upo usiolipa kabisa. Jibu limo kwenye karatasi zenu, na wewe ndiye unayeweza kuzisoma. Zisome leo, mama yako akiwa pembeni, na usiruke yale maandishi madogo yanayosema nini hakilipwi. Mlisikie kama lilivyo, tamu au chungu.

Wala msisubiri mwisho wa mwezi. Taarifa ya hasara nayo ina siku zake, na baba ana simu. Apigiwe, aeleze anamruhusu nani kwenda kwa niaba yake. Vile vipande viwili visitupwe, vipigwe picha. Mjomba aandike kwa mkono wake kamba ilivyolegea, asipunguze wala asiongeze. Fomu ijazwe kwa tarehe ya kweli na ipelekwe hata kama cherehani haitalipwa, kwa sababu tangu Jumamosi ile vitanda, nguo, vyombo, vyote mnalala navyo bila kinga, na maji yanayotoka ndani ya nyumba hupasua mabomba pia. Meza ikiwa nzima, fundi wa mashine aitwe aone kama kinaweza kupatikana kichwa peke yake. Na mama akaazime ile cherehani jioni hii hii. Sare za watoto hazijui mambo ya bima.

Dirishani utasema wewe. Andika maneno yako kwenye karatasi uyasome kupitia lile tundu. Masikio yakiwaka, yaache yawake, sijasikia mtu aliyeungua nayo.

Jambo jingine. Umeniomba nifiche jina, nimelificha, lakini ukatia sahihi kwa lile la nyumbani, ukanieleza kuta, pikapu na kiuno cha kinyozi. Mama yako akifika ukurasa huu hatahitaji mistari mitatu. Ningeweza kuyafuta yote hayo, nikayaacha makusudi. Gazeti linafika kwenu Jumatano, kwa hiyo ukiliona kabla yake una dakika chache, na akiliona kabla yako nenda vile vile, hata kama ameshaanza kusoma.

Umeniuliza unaanzaje. Usianzie kwenye nyumba ya zamani, wala usianze kwa kulia, maana ukilia atakubembeleza na utashindwa kusema. Sema hivi: "Mama, ile fomu sikuipeleka." Maneno matatu baada ya kumwita. Hapo ndipo utatamani kukimbilia chumbani. Halafu atakugombeza, na ana haki. Kaa hapo hapo mpaka amalize.