Injini Iliyoshiba Kupita Kiasi

Likasi, Jumamosi 14 Mei 1994

Si nilisema itasaga? Ile mashine ya kukata majani ya zamani, siku hizi injini yake inazungusha kinu, maana majani yenyewe tuliyang'oa tukapanda mahindi. Kesho binti yangu Béa anapokea komunyo ya kwanza. Bila unga hakuna bukari, ugali wetu, wageni watakula hotuba zangu.

Asubuhi injini ikavuja mafuta ya kulainisha kila upande. Miye, fundi niliyefika mpaka Ndola kule Zambia, nikaifungua. Nikakata jointi mpya ya katoni ya kuziba maungio, nikakaza bulon, zile bolti, zote. Ikavuja. Nikakata nyingine. Ikavuja zaidi, na moshi ukafukuza kuku. Hapo nilianza kuogopa kweli.

Mama Béa akaja na beseni la mahindi, akanikuta namimina mafuta tena.

"Baba Béa, weye unajaza mpaka ku shingo! Hii ni injini ao mugeni?"

"Iko na njaa, mama. Acha ikule."

"Basi ndiyo maana iko natapika."

Nikacheka, halafu nikaona kosa langu. Mafuta yalikosekana miezi mingi. Nilipopata bidoni moja, dumu zima, nilijaza kwa furaha tu.

Nikapunguza nusu. Ikasaga mpaka saa kumi bila kudondosha hata tone.

Majirani wakauliza jointi nzuri hivyo imetoka wapi. Nikawajibu: Ubelgiji. Mama Béa alikuwa pale pale anachekecha unga. Akainamisha kichwa kuficha kicheko, akaendelea kuchekecha.

Mwanamke huyu ningemwoa mara ya pili, tena kanisani.