Pauni ya Baba na Jivu la Jikoni

Sugoi,
Kupitia Eldoret.
18 Agosti, 1968.

Kwa ndugu yangu mpendwa Kipyego,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Habari za Tororo? Kile kifua ulichoandika habari zake wakati wa Krismasi kimepona, ama vumbi la simiti bado linakusumbua? Mama watoto je, na watoto wote? Sisi huku tu wazima. Mume wangu Baba Kibet na watoto wanakusalimu sana. Mahindi yamebeba vizuri, na yule ndama mweusi uliyemshika masikio kwenye mazishi ya Mama, sasa naye ni mama. Mvua tu ndiyo imezidi.

Ndugu yangu, barua hii nimeikalia wiki tatu, na barua mbili za kwanza nilizitia motoni. Nakuomba uisome yote, usiiache katikati.

Habari ya kwanza ni ya shamba. Lile shamba la kaburu tulikozaliwa linauzwa, na watu wa huku tumeungana tulinunue. Baba Kibet ameandikisha jina, lakini shea yetu haijatimia, na kamati imetupa mpaka mwisho wa Septemba. Siku hiyo ikipita, nafasi yetu anapewa mwingine. Mwezi wa sita tulipelekwa kuonyeshwa mipaka, tukapita pale nyumba yetu ilipokuwa. Hakuna nyumba tena. Ni mawe matatu ya jikoni tu, yamekaa kwenye nyasi kama watu wanaongoja chakula. Nilikuwa na jembe, nikachimba kidogo hapo, na jembe likagonga pauni ya Baba.

Ndiyo, ile ile ya dhahabu, yenye kichwa cha mzee wa ndevu, aliyopewa na kaburu kwa kuwaokoa ng'ombe wake mtoni. Ile uliyochapwa kwa ajili yake.

Baba Kibet alitaka tuiuze siku hiyo hiyo. Mimi nikasema tujue kwanza ni kitu gani tulicho nacho. Mjini sikuipeleka. Niliweka karatasi juu yake nikapitisha penseli polepole mpaka yule mzee akatokea na ndevu zake, na mwaka wake pia, 1893. Karatasi hiyo ndiyo nilimpelekea Mahamud, yule Msomali wa duka la blanketi, ambaye baba yake alikuwa akinunua ngozi kwa Baba. Mahamud alisema nimefanya jambo la akili. Akanionya nisimwachie mtu hata dakika moja, nisikubali ikwaruzwe wala imwagiwe dawa, na mtu akiharakisha kuinunua kabla ya kuipima, nimpe mgongo. Na kweli, sonara mmoja wa mjini alitaja bei kwa kuona karatasi tu. Eti nimletee Ijumaa, nimwachie, nirudi Jumatatu. Nilitoka humo haraka mpaka nikasahau kikapu changu, na sijarudi kukichukua.

Meneja wa benki alisema wao hawajui sarafu za zamani, ila aliniandikia barua kwa mzee mmoja wa Nairobi anayezijua. Ataiangalia ndani ya ofisi ya benki, juu ya meza, mbele ya mashahidi. Shida ikawa kuifikisha huko. Mahamud alicheka, akasema nikiifunga kifuani nitakuwa najishika njia nzima, na mwizi hatahitaji kuambiwa. Basi nikaitumbukiza ndani ya kibuyu cha maziwa ya mursik, nikapanda nayo gari la moshi.

Wewe unajua kwetu kumnyima mtu maziwa ni aibu gani. Nilikaa na mzee mmoja fundi wa reli, jina lake Opiyo, mtu wa maneno mengi. Akaomba aonje. Nikasema ni ya mgonjwa. Baada ya kitambo akauliza mgonjwa huyo ni mmoja ama ni wadi nzima, maana kibuyu kimeshiba. Watu wote wakacheka. Mbele kidogo akasema ameona akina mama wakipakata watoto, lakini hajaona anayepakata maziwa namna hii. Nilitamani kulia. Na tulipofika Nakuru, yeye huyo huyo akaninunulia chai na mkate. Nimemwombea kila siku tangu hapo.

Yule mzee wa Nairobi ni Mgoa, mpole, miwani yake mizito. Nilipomimina maziwa kwenye beseni ofisini mwa watu, karani alishika pua, lakini mzee alikunja tu mikono ya shati. Aliisuuza kwa maji matupu, hakuifuta. Akaipima uzito mara mbili, akapima upana na unene, kisha akaiweka chini ya kioo chake. Akasema ni ya kweli, ni dhahabu, na za mwaka huo ni chache. Halafu akainamia kioo tena. Akauliza ni nani aliyeisugua.

Alinipa kioo nitazame mwenyewe. Uso wa yule mzee wa ndevu ulikuwa umejaa mikwaruzo midogo ya mviringo, kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Akasema si ya juzi, ni ya miaka mingi, maana uchafu wa zamani umelala ndani yake, na kwamba pauni imepoteza nusu ya thamani yake. Hata hivyo inatosha shea yetu na zaidi. Nikalia. Yeye akadhani nalilia bei, akaniletea maji.

Kipyego, jembe halikugonga kwa bahati. Nilichimba chini ya jiwe la pili kutoka mlangoni, kwa sababu ni mimi niliyeiweka hapo.

Nilikuwa na miaka kumi. Niliitoa kwenye mkebe wa Baba niisugue pamoja na vyombo, ing'ae, nimfurahishe. Nikamsikia akipiga kelele kwamba ameibiwa. Nikaogopa, nikaifukia. Kisha akakushika wewe. Asubuhi ulipoondoka nyumbani kwa ajili hiyo ulinipa kisu chako kidogo, ukasema hukuichukua, na kwamba mimi peke yangu nikikuamini inatosha. Nikajibu nakuamini. Mikono yangu ilikuwa bado na jivu.

Baba alikufa akidhani ni wewe. Hilo siwezi kulirudisha. Miaka thelathini na nne nimepokea mkate wa Meza ya Bwana na neno hili ndani yangu. Sasa nimeliungama mbele ya kanisa na jina lako nimelisafisha, lakini msamaha ulio wako hauko kanisani.

Pauni nimeirudisha, iko benki Eldoret, na risiti ina jina lako. Haitoki mpaka uje mwenyewe utie sahihi. Baba Kibet alikasirika mpaka nilipomweleza yote. Ukisema iuzwe, jina lako litaandikwa kwenye shamba pamoja na letu. Ukisema hapana, shamba liende. Kisu chako bado ninacho.

Wasalimie wote wa nyumbani mwako, mmoja mmoja kwa jina. Mungu akulinde na kifua hicho. Hata kama ni kwa hasira, hata kama ni mstari mmoja, tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi dada yako,
Rebeka Jepkemboi