Ya Wastani Tu

Jumapili, mwezi wa tano, 2018

Mume wangu kaninunia kutwa nzima, na kisa ni neno moja. Asubuhi dada alipiga simu kutoka Morogoro, akauliza ndoa inaendaje. Nikamjibu, "Ya wastani tu." Nilisahau kwamba yeye, Sipho, alikulia kwetu Morogoro, wazazi wake walipokuwa uhamishoni, na Kiswahili anakielewa chote.

Jioni akawasha hita, maana huku kwao baridi imeanza, akatazama kwenye runinga mbio za Marekani, yale magari ambayo kichwa cha dereva kiko nje, yanazunguka njia yenye umbo la yai. Mtangazaji akataja rekodi ya kasi ya wastani.

Sipho akanigeukia. "Umesikia, Mama Zodwa? Hata wastani una rekodi."

Nikasema hiyo ni hesabu tu, si sifa.

"Ndiyo, hesabu," akasema. "Umbali wote kwa muda wote. Wanahesabu na kusimama kujaza mafuta. Wanahesabu na ile mizunguko ya polepole nyuma ya gari la usalama, mwenzao akigonga ukuta."

Nikakumbuka mwaka ule alipohamia kwa kaka yake, Midrand. Hatuuzungumzii. Sijui nini kilinituma, nikauliza kama na ule nao unahesabiwa.

Akapunguza sauti ya runinga.

"Eish. Unahesabiwa. Tulipunguza mwendo, lakini injini hatukuzima."

Dada akipiga tena nitamjibu neno lile lile. Ila safari hii nitasubiri Sipho awe karibu.