Daraja la Kiwanda cha Sabuni

Jumatatu, Kisugu. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nina hasira. Afadhali niseme mapema kwamba ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni kupanga madaraja. Kampuni ikitaka kukopa kwa kuuza hatifungani, ofisi yetu huipa daraja, kisha mimi nakisia wanunuzi watadai riba gani. Daraja la kwanza, riba ndogo. Daraja la mwisho, riba inapanda mpaka mwenye akili zake anakimbia.

Sasa kiwanda kimoja cha sabuni huko Namuwongo kinauza hatifungani za miaka mitano. Wenyewe, Wahindi, walifukuzwa nchini na serikali ya kijeshi, kiwanda akapewa meja mmoja, mafuta mingi kama tunavyowaita hawa waliookota utajiri. Mnunuzi ni mfuko wa uzeeni wa makuli wa stesheni. Baba yangu yumo, miaka ishirini na mitatu ya mgongo wake.

Na Jumamosi mimi nilinakili tu daraja la mwaka jana: la kwanza. Sikwenda hata kuchungulia.

Niliogopa.

Jana Baba akawa ananieleza atakavyoongeza chumba cha pili kwa pesa za uzeeni. Leo nikaenda.

Geti limepakwa rangi mpya, linang'aa. Ndani, kimya. Mpishi wa sabuni, Mzee Rajabu, alinipeleka kwenye pipa kubwa la kuchemshia, nikaweka kiganja. Baridi.

"Tangu Ramadhani hatujawasha, mwanangu," akaniambia. "Tunapaka geti rangi tu."

Magadi yameuzwa kwa magendo, na mashine ya kukatia iliondoka na lori. Nikarudi ofisini nikikokotoa njia nzima. Kampuni isiyopika sabuni riba yake ya haki ni ipi? Haipo. Lakini meja ameandika riba ileile ya wenyewe wa zamani, kana kwamba walimwachia na ujuzi.

Kwetu mdogo huandika daraja kwa penseli, mkubwa akapitisha wino juu yake. Mkubwa wangu, Mzee Lubega, ni mtu mwema mwenye watoto saba, na raba yake imekwisha nusu mwaka huu kwa kufuta madaraja mabaya ya wakubwa. Nilipomweleza, kwanza alifunga mlango. Akaniomba niliache lile la kwanza, kwa penseli vilevile, wino ataweka yeye, ili wakija kuuliza jina langu lisiwemo. Nilimwelewa. Wapo waliotiwa ndani ya buti la gari wasionekane tena, kwa makosa madogo kuliko haya.

Nikaomba raba yake, nikafuta la kwanza. Kisha nikachukua kalamu yake ya wino pale mezani nikaandika: daraja la mwisho, zisinunuliwe. Chini yake jina langu, lote.

Aliisoma karatasi.

"Zaituni, hii siwezi kuifuta."

"Najua, Mzee."

Hakuidai kalamu yake. Ninaandikia hiyo sasa hivi.

Kikao cha mfuko cha kusikia daraja ni kesho saa nne, na meja atakuwepo. Karatasi nitaisoma mwenyewe, neno kwa neno. Naogopa, sikatai. Lakini nitaisoma.

Nimemwambia Baba kesho asinisubiri kwa chakula cha mchana. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kikao huenda kikawa kirefu.